Lehemu ya Baba

Msumari ule ulipigwa kwenye nguzo ya lango kabla Fundi hajaota ndevu, na kazi yake ilikuwa moja tu: kubeba ovaroli. Hakuna hata uzi wa nguo ile uliowahi kuvuka lango. Kila jioni Fundi akirudi kutoka karakana alisimama pale nje, akavua, akatundika, akabaki na kaptula na fulana, kisha akanawa kwa maji ya ndoo na kipande cha sabuni mpaka mama yake, aliyesimama mlangoni amekunja mikono, aseme, "Basi. Ingia." Majirani walishazoea. Wageni walicheka. Mama hakucheka hata siku moja.

"Lehemu haina adabu," alikuwa akisema. "Ilimla baba yenu akiwa mzima kama nyundo. Humu ndani haiingii tena."

Baba yao alikuwa fundi wa rejeta, yale masanduku ya shaba yenye vibomba vyembamba yanayopoza maji ya gari. Rejeta ikitoboka, unaipasha moto, unaipaka tindikali, unagusisha mti wa lehemu, nayo inayeyuka, inang'aa kama chozi, inalikimbilia tundu na kuliziba. Siku baba alipoanguka karakanani, mkono umeng'ang'ania kifua, alikuwa na miaka arobaini na miwili. Daktari wa zamani hizo, mtu wa haraka, alitoka chumbani akamwambia mjane maneno yasiyojaza kiganja: "Ni lehemu, mama. Imeziba mishipa ya moyo." Akapita zake.

Mjane angeelewaje vingine? Miaka yote alikuwa akimpelekea mumewe chakula karakanani. Aliona kwa macho yake lehemu ikidondokea ndani ya kibomba na kukiziba kisipitishe hata tone. Aliona moshi wake mweupe ukiingia puani mwa mumewe kama mtu anayeingia kwake. Akalia, akafuta machozi, akawatazama wanawe wawili. Mkubwa alikwisha kushika moto, na ndiye sasa angeleta unga nyumbani. Huyo alikuwa amepotea. Mdogo alikuwa bado ananyonya kidole. Huyo angeokolewa.

Hivyo ndivyo neno moja lilivyoigawa nyumba. Mkubwa akarithi koleo na moto, akaitwa Fundi hata na mama yake mzazi. Mdogo, kwa kuwa ndiye kitindamimba, akaitwa Kitinda, akapelekwa kujifunza kunyoa. Kinyozi ana kazi safi: kioo, poda, taulo jeupe. Na jikoni pia kukawa na mgawanyo. Nyama yenye mafuta ilikuwa ya Kitinda. Maziwa yenye utando wa kidole kizima yalikuwa ya Kitinda. Mama aliyakaanga mapenzi yake mpaka yakaelea, akasema mwanawe anajengwa, na Kitinda akajengeka kweli, akawa na shingo ya fahali na mashavu ya kung'aa.

"Ana macho ya baba yake," Mama alipenda kusema, akimshika kidevu kijana wa miaka arobaini kama mtoto wa shule. Alikuwa akimaanisha vile vivimbe viwili vya manjano, vidogo kama punje za mtama, vilivyoota kwenye ngozi ya jicho karibu na pua. Baba naye alikuwa navyo. Mama aliviona kuwa alama ya unono na bahati.

Fundi alikula huko huko kazini. Nyuma ya karakana palikuwa na mwanamke muuza chakula aliyejua kupika vitu viwili tu, maharage na mboga za majani, na kila mchana mpiga rangi wa magari, ambaye kwa kubadilika rangi kila siku aliitwa Kinyonga, alifunua sufuria na kuuliza swali lile lile.

"Leo tunakula nini?"

"Majani."

"Na jana?"

"Majani."

"Basi nikifa msinizike, nifungeni kamba mnipeleke malishoni."

Fundi alicheka na wenzake. Lakini kulikuwa na jioni, akinawa pale langoni huku harufu ya nyama ikimjia kutoka ndani, alipojiona mzoga uliochelewa kuzikwa.

Alipovuka hamsini alianza kuchoka. Mikono ilikufa ganzi kabla ya adhuhuri. Akasema moyoni, lehemu imenifika. Afadhali nijue imebakiza nini. Akaenda hospitali, akakaa kwenye benchi mpaka akaitwa, akaingia kwa daktari, binti wa umri wa kuwa mwanawe.

"Karibu, baba. Tatizo nini?"

"Nataka kupimwa lehemu."

Daktari akainua kichwa. "Wenzako huwa hawataki hata kuisikia. Nani kakutuma?"

"Marehemu baba. Ilimuua."

"Pole sana. Na wewe unajisikiaje?"

"Nachoka, mwanangu. Mwili unataka kulala kabla sijauaga."

Akatolewa damu. Aliporudi kusikia majibu alikuwa amevaa shati lake la sikukuu, kama mtu aliyeamua kuhukumiwa akiwa nadhifu.

"Lehemu yako haina neno," daktari akasema. "Iko chini, safi kabisa."

Fundi akatoa kicheko kikavu. "Pima tena. Miaka thelathini na tano naishika. Moshi wake nimeuvuta kuliko hewa ya Mungu."

Ikawa zamu ya daktari kuduwaa. "Unashika nini?"

Fundi akatia mkono mfukoni, akatoa kipande cha mti wa lehemu, kijivu, kimepinda, akakiweka mezani kati yao. "Hii."

Midomo ya daktari ikacheza. Kicheko kilimfika mpaka kwenye meno, kisha alipouona uso wa mtu aliyekaa mbele yake, kikafia hapo hapo.

"Baba yangu," alisema polepole. "Hii ni lehemu ya mafundi. Nayo ina sumu yake, nitakupima madini ya risasi mwilini na utaanza kuziba pua ukiwa kazini, huo uchovu huenda unatoka huko. Lakini lehemu niliyoipima mimi ni nyingine. Ni mafuta ya damuni, mfano wa nta. Wengine huita kolesteroli. Mwili unajitengenezea, na chakula kinaongeza. Ikizidi inaganda kwenye kuta za mishipa, siku hadi siku, mpaka inaziba. Neno moja, vitu viwili."

"Sasa kwa nini mkaviita jina moja?"

"Sijui. Labda aliyelitunga aliona vyote viwili huziba."

Fundi akakitazama kile kipande cha lehemu kama anakiona kwa mara ya kwanza.

"Na foleti yako iko juu," daktari akaendelea, akimpa nafasi ya kupumua. "Ni vitamini ya kutengeneza damu. Mchana unakula nini?"

"Majani. Na maharage."

"Ndimo inamokaa. Kwa watu wazima wengi tunaona hivyo: foleti ikiwa nzuri, lehemu nayo imetulia, foleti ikiwa chini, lehemu iko juu. Ni foleti yenyewe inayofanya hivyo, au ni sahani tu inayoleta vyote viwili? Wenye elimu bado wanabishana." Akachukua kalamu. "Baba yako alifariki na miaka mingapi?"

"Arobaini na miwili."

"Alikuwa na vivimbe vya manjano hapa?" Akagusa ngozi ya jicho lake mwenyewe, karibu na pua.

Fundi akaitikia kwa kichwa. Chumba kilikuwa na feni, na feni ilikuwa ikigonga.

"Kuna lehemu ya kurithi," daktari akasema. "Haitokani na mlo peke yake, ingawa mlo mbaya unaimwagia mafuta ya taa. Wewe imekukwepa. Una ndugu?"

Jioni ile Fundi alivua ovaroli langoni kama kawaida, akatundika, akanawa, na kabla mama yake hajasema "basi" akamweleza yote, maji yakimtiririka viwikoni. Kitinda alikuwa mezani na bintiye, msichana wa miaka saba waliyemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake ulilala baada ya mwili. Mama wa Chiriku alikwenda zake zamani. Bibi ndiye aliyemlea.

Mama alisikiliza hadi mwisho. "Kibinti cha juzi," akasema, "ndicho kikufundishe kilichomuua mume wangu? Nilikuwepo, mimi. Niliambiwa mimi."

"Uliambiwa neno, mama. Hukuambiwa maana yake."

"Mwanangu hajagusa lehemu tangu azaliwe. Nimemlinda. Unasikia? Nimemlinda."

"Kaka," Kitinda akadakia kutoka ndani, mdomo umejaa, "sema kweli, ni huu mnofu. Wivu umekutesa mpaka ukaenda kuutafutia cheti hospitali." Akacheka, na Chiriku akacheka kwa kuwa baba amecheka.

Lakini keshoye Fundi alimfuata kwenye duka lake la kunyolea, wakati hakuna mteja. Alimkuta amesogeza uso kwenye kioo, kidole kwenye kile kivimbe cha manjano.

"Kinyozi hajinyoi," Fundi akasema.

Kitinda akaruka kidogo, akachukua taulo akajifanya anafuta kioo. Baadaye akasema, bado amempa mgongo: "Nikipanda zile ngazi za nyuma ya duka, kifua kinabana. Nilidhani ni unene."

"Mama anajua?"

"Nimwambie nini? Kwamba alichonificha kimenikuta mafichoni?"

Walikwenda pamoja. Majibu yalipotoka, daktari hakutabasamu kama alivyotabasamu kwa Fundi. Lehemu ya Kitinda ilikuwa juu kiasi kwamba alipima mara mbili. Foleti yake ilikuwa chini. Jani bichi lilikuwa mgeni kwenye sahani yake. Akamwandikia dawa mbili, vidonge vyeupe na vidonge vidogo vya njano.

"Nisikilize vizuri," alisema. "Hivi vyeupe ndivyo vya lehemu. Hivi ndivyo nguzo, utavimeza maisha. Vya njano ni foleti, vinajaza pengo la mlo tu. Foleti na lehemu unaweza kuziona zikitembea barabara moja, moja ikipanda nyingine ikishuka, lakini hazijashikana mikono. Usidhani ukiipandisha hii, ile itashuka kwa aibu. Unaondoka na ngapi?"

"Mbili," Kitinda akajibu kama mwanafunzi.

"Na nguzo ni ipi?"

"Nyeupe."

Mama alizipokea dawa langoni. Aligeuza pakiti, akatazama. Vya njano akavitambua mara moja. Uso wake ukalainika. "Hivi navijua. Hivi nilivimeza nikiwa na mimba ya huyu. Vya kujenga damu."

"Ndivyo, mama. Na hivi vyeupe ndivyo hasa vya..."

"Nimesikia. Nitampa mwenyewe, kwa mkono wangu huu, kila asubuhi."

Fundi akapumua. Usiku ule alilala kama gogo. Alidhani amemshinda mama yake, na mtu anayedhani ameshinda huwa hageuki nyuma.

Wiki zikaenda. Karakanani Kinyonga alipata habari kwamba ndugu wa Fundi anakunywa dawa za wajawazito, akataka kujua kama atajifungua salama. Fundi alimrushia kitambaa chenye grisi. Hata kwenye duka la kunyolea utani ulifika. Kitinda aliubeba vizuri, akasema akizaa mtoto wa kiume atamwita Mashine. Rangi ilimrudi usoni, alisema hachoki kama zamani. Siku moja Fundi akamuuliza, kwa sauti ya chini, mteja akiwa kitini:

"Unameza?"

"Mama ananilisha kama kifaranga. Ukikataa dawa ya mama utakula wapi?"

"Na ngazi?"

Kitinda akapuliza nywele kwenye mashine. "Ngazi nimeacha kuzipanda."

Jibu hilo lingemtosha mtu kuuliza zaidi. Fundi aliliacha likapita, kwa sababu nje kulikuwa na rejeta ya lori inamngoja.

Aliyekuja kumwita alikuwa mteja. Alitokea mlangoni mwa karakana anahema, shuka la kinyozi bado limefungwa shingoni, upande mmoja wa kichwa umenyolewa na upande mwingine una nywele zake zote. Mafundi wawili walianza kucheka. Kisha wakaona macho yake.

"Ameanguka," alisema. "Mashine bado inalia mkononi."

Na kweli ilikuwa bado inalia. Fundi alipoingia aliikuta sakafuni, inatetemeka, inajisukuma kwenye poda kama mdudu aliyepinduka. Kitinda alikuwa ameegemea ukuta chini ya kioo chake, mkono umeng'ang'ania kifua, pale pale baba alipong'ang'ania. Fundi alijua kabla hajapiga magoti. Alimbeba hivyo hivyo, na ovaroli yake, na masizi yake, na mikono yake yenye lehemu, hadi kwenye gari la mteja. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Kitinda aache kunyonya kidole nguo ile kumgusa.

Hospitali walimlaza kitandani dakika chache, kisha wakamfunika.

Mama aliwaona walivyorudi. Aliyaona madoa meusi kwenye shati jeupe la mwanawe, alama za vidole, kifuani na mabegani. Hakupiga ukunga. Alikaa chini katikati ya wanawake waliokuja kumshika, akayatazama yale madoa tu.

Baada ya maziko, uani kumejaa watu na hakuna aliyekuwa akizungumza kwa sauti, alimwinulia Fundi kidole.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Wahenga hawakukosea hata herufi. Miaka yote nilipiga msumari, nikaweka ndoo, nikasimama mlangoni kama askari. Siku gani ulinidanganya? Siku gani uliingia nayo?"

"Mama, tulia," mwanamke mmoja akasema.

"Sitaki kutulia! Nataka anijibu. Ni nguo zako au si nguo zako?"

Watu wote wakamgeukia Fundi. Alikuwa na maneno. Alikuwa nayo yote, kama alivyopewa na daktari: nta ya damuni, kurithi, mlo, nguzo nyeupe. Akaitazama mikono ya mama yake. Ilikuwa imechunika viganjani kwa kukwaruza masufuria. Mikono iliyokaanga, ikamimina, ikaongeza kijiko kingine, kula mwanangu, bado hujashiba. Akaona kwamba akiyasema maneno yale, mikono hiyo haitakuwa na pa kujificha mpaka siku ya kufa.

"Ni nguo zangu, mama," alisema. "Nisamehe."

Watu walishusha pumzi. Mama akashusha kidole. Kwa namna fulani ya kutisha, uso wake ulipoa, kama mtu aliyepata mahali pa kutua mzigo. Tangu siku hiyo sahani ya Fundi ilitolewa nje, ikafunikwa na bakuli, ikawekwa juu ya kigogo karibu na ndoo. Alilala kwenye chumba cha uani chenye mlango wake. Na Chiriku alikatazwa kumkaribia mpaka awe amenawa mara mbili.

Alivumilia. Alijiambia mzigo wenyewe ni mwepesi. Alizoea kuubeba, sasa umepewa jina tu. Aliyekufa amekufa, akasema, na ukweli haufufui.

Kisha ikawa jioni moja, msiba umeshatawanyika, viti vya kuazima vimerudishwa kwao. Fundi alifika langoni, akafungua kifungo cha kwanza cha ovaroli. Chiriku alikuwa amechuchumaa upande wa ndani wa uzio anacheza mapishi. Alikuwa na mtoto wa vitambaa, na mbele ya mtoto kifuniko cha chupa ndicho sahani, na kwenye sahani vitu vyeupe, vya duara, vimepangwa vizuri.

"Baba mkubwa, usisogee, hujanawa," akasema bila kuinua uso.

"Sisogei. Unampikia nini mwanao?"

"Wali. Hataki kula. Nitamchapa."

"Wali mzuri huo. Umeutoa wapi?"

"Kwenye kopo la takataka. Bibi alivitupa, viko vingi, tazama." Akafunua pindo la gauni. Pale palikuwa na karatasi za bati za dawa, tatu, nne, nyingine zimetobolewa kwa kidole cha mtoto na nyingine nzima, hazijaguswa. "Alisema hivi ni vya mafundi. Baba alikuwa anameza vile vya njano tu. Vile vizuri."

"Baba alijua?"

"Bibi alimwambia damu ikijengwa itausukuma uchafu yenyewe. Baba akasema, haya, mama." Akaiga sauti ya baba yake, ile sauti ya mtu mwenye mdomo uliojaa, na aliiiga vizuri mno.

Fundi alibaki ameshika kifungo.

Hakumwona mama yake kama muuaji. Angalau lingekuwa jambo jepesi. Alimwona asubuhi zile zote, moja baada ya nyingine, akitoa kidonge cha njano na kukiweka kwenye kiganja cha mwanawe, na kile cheupe akikitupa kwa ushindi, akiamini anaufungia mlango ugonjwa wa watu wengine. Mwanangu hajagusa lehemu. Mtu asiye na moto, unamzimia nini?

"Chiriku!" Sauti ya bibi ikatoka ndani. "Njoo ule, mama. Kinapoa."

"Nakuja!"

"Nimekuwekea mnofu wa baba yako. Na maziwa uyamalize, utando wake usiutoe, ndio wenye nguvu. Njoo ule uwe kama baba yako."

Mtoto akainuka, akajipangusa magoti, akakimbia.

Fundi akakitazama kile kifungo. Akakifunga. Kisha akainama, akaokota vile vidonge vyeupe kwenye sahani ya mtoto wa vitambaa, akavikusanya kiganjani, akaupita msumari, akaipita ndoo. Ovaroli ikavuka lango.

Mama alikuwa ameinama juu ya meza, anamimina maziwa. Alipoinua macho, birika lilimtoka mkononi.

"Toka!" alipiga kelele. "Toka nayo! Umemaliza mmoja hujashiba?"

Fundi alivuta kiti, akakaa. Masizi yake yakaganda kwenye kitambaa cheupe cha meza. Akaivuta sahani ya Chiriku taratibu kutoka mbele ya mtoto, akaiweka upande wake. Mafuta yalikuwa yameanza kuganda ukingoni, meupe, laini, kama kitu alichokijua siku zote na hakuwahi kukipa jina.

"Kesho nampeleka huyu kupimwa," alisema.

"Humpeleki popote! Usimguse mjukuu wangu na mikono hiyo!"

"Mama. Siku ile uani nilikudanganya."

Akafungua kiganja. Vidonge vikagonga meza kimoja kimoja, kimoja kikaviringika mpaka kwenye maziwa yaliyomwagika, kikakaa pale, kikaanza kuyeyuka. Mama akavitazama. Alivitambua, Fundi aliona alivyovitambua. Akashika mgongo wa kiti.

"Vilikuwa vya nini?" aliuliza, kwa sauti ndogo ambayo Fundi hakuwahi kuisikia kwake.

Akamwambia. Hakupamba na hakufupisha. Alimwambia lehemu ni mbili. Alimwambia ya baba ilikuwa ipi, na vile vivimbe vya manjano vilikuwa nini, na kwamba foleti ilikuwa dawa kweli, lakini ya pengo jingine. Alimwambia ile ya kweli haikai kwenye nguo. Mama alisikiliza amesimama, macho yakitoka kwenye vidonge kwenda kwenye sahani, kutoka kwenye sahani kwenda jikoni, kwenye kikaango kilichoning'inia ukutani.

"Ulisema ni nguo," alinong'ona alipomaliza. "Mbele za watu. Ulisema mwenyewe."

"Nilisema."

"Basi sema tena." Akanyoosha mikono yote miwili juu ya meza, viganja juu, ile mikono iliyochunika, kama mtu anayeomba maji. "Mwanangu. Sema tena, mara moja tu. Sema ni nguo zako."

Chiriku aliwatazama, bibi kisha baba mkubwa, kijiko kimesimama hewani, akingoja mmoja wao amwambie ale.

Fundi aliishika mikono ya mama yake. Ilikuwa mara ya kwanza kuishika bila kunawa. Akatikisa kichwa, na kwa kiwiko akaisukuma ile sahani mbali zaidi na mtoto.